Kapasita zipi zinafaa kwa pedali ya gitaa ya kujitengenezea?

SoloMorogoro ameuliza:

Ndugu zangu mafundi na wapiga gitaa, habari za kazi. Ninapiga gitaa la solo katika bendi ya muziki wa dansi hapa Morogoro, na nimeanza kujitengenezea pedali ya kupasua sauti kwa kufuata mchoro wa MXR Distortion+, ile ya miaka ya 1970 inayotumia aisi moja ya 741 (kipande kidogo cha kukuza sauti) na daiodi mbili zinazokata vilele vya sauti hiyo. Nimeichagua kwa sababu vipande vyake ni vichache, na mchoro wake unasomeka hata kwa mtu ambaye ujuzi wake wa umeme aliupata kwa kukaa kibandani kwa fundi redio. Aisi, rezista (vipande vya kuzuia umeme), daiodi, swichi ya mguu na soketi za jeki nimekwisha kupata. Kilichobaki ni kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, na hapo ndipo ninapohitaji msaada wenu.

Mchoro unataka kapasita mbili za nanofaradi 1, moja ya nanofaradi 10, moja ya nanofaradi 47, na mbili za mikrofaradi 1, ambazo moja iko mahali sauti inapotokea na nyingine iko kwenye rezista mbili zinazogawa umeme wa betri nusu kwa nusu. Duka nililokwenda Kariakoo lina visahani vya kahawia vya seramiki vya kila namba, lina za plastiki za kijani zilizoandikwa 104 na 223 lakini 473 zimekwisha, na mikrofaradi 1 zilizopo ni za elektroliti tu, zile za mtungi, za volti 50. Muuzaji ananihakikishia kwamba seramiki yenye maandishi 473Z itafanya kazi ileile kama ya plastiki. Mwenzangu wa bendi, kwa upande wake, anasema pedali haiwezi kuwa na sauti nzuri bila kapasita za bei kubwa zinazoagizwa Ulaya, ambazo moja inauzwa kwa bei ya vipande vyangu vyote kwa pamoja.

Naomba kuelimishwa: je, ni thamani ya kapasita inayobadilisha sauti, au ni aina yake? Je, ninaweza kuweka namba iliyo karibu pale ambapo namba kamili haipatikani? Na hizo volti zilizoandikwa ubavuni zina uhusiano gani na sauti?

---

FundiNyuzi, Nairobi, amejibu:

Ndugu SoloMorogoro, karibu sana katika kazi hii. Kabla ya kuuliza ununue aina gani, uliza kila kapasita katika mchoro wako imewekwa pale ifanye kazi gani, kwa sababu mbili kati ya hizo sita ndizo zinazoamua sauti yako, na zilizobaki zinahitaji tu kuwa nzima na kuwekwa kwa njia sahihi.

Kanuni ni moja kwa zote. Kapasita ikikutana na rezista hutengeneza mpaka wa masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi), na mpaka huo unaupata kwa kugawa 1 kwa mara mbili ya pai, mara rezista kwa omu, mara kapasita kwa faradi. Ikiwa kapasita imesimama kwenye njia ya sauti, masafa yaliyo chini ya mpaka hupungua. Ikiwa imeunganishwa kutoka kwenye njia ya sauti kwenda ethi (upande wa sifuri wa umeme), yaliyo juu ya mpaka ndiyo yanayopungua. Kumbuka kwamba waya mnene wa gitaa, ule wa E, ukipigwa wazi hutoa hezi 82, na waya wa kwanza kwenye kipande (freti) cha 12 cha shingo ya gitaa hutoa hezi 659. Namba hizo mbili ndizo utakazopimia kila kitu.

Tuanze na ile ya nanofaradi 10 pale sauti inapoingilia. Inakutana na rezista ya megaomu 1, na mpaka wake ni karibu hezi 16, yaani chini kabisa ya noti yoyote ya gitaa. Ukiweka 22 badala ya 10, mpaka utashuka hadi hezi 7 na sikio lako halitatambua lolote. Kwa hiyo pale weka hiyo 223 yako ya kijani, ambayo ni nanofaradi 22, bila wasiwasi. Vivyo hivyo mikrofaradi 1 ya kutokea: mpaka wake uko kati ya hezi 8 na 16, kutegemea daiodi zinavyopitisha umeme, na elektroliti yako itafanya kazi vizuri mradi mguu wake wa chanya uelekee kwenye aisi, kwa sababu pale pana volti 4.5 za kudumu, na mguu wa hasi uelekee kwenye daiodi. Mstari uliochorwa ubavuni mwa mtungi ndio unaoonyesha hasi.

Sasa tufike kwenye 47, ambayo ndiyo roho ya pedali hii. Imeungwa mfululizo na rezista ya kiloomu 4.7 na potenshiometa (rezista ya kuzungusha) ya kuongeza mkwaruzo, kutoka kwenye mguu wa pili wa aisi hadi ethi. Ukifungua potenshiometa hadi mwisho, inabaki kiloomu 4.7 peke yake, na mpaka unakuwa hezi 720. Maana yake ni kwamba noti zilizo juu ya hapo zinakaribia kukuzwa mara 214, ile hezi 659 inakuzwa karibu mara 144, lakini E ya chini ya hezi 82 inakuzwa mara 24 tu. Ukirudisha potenshiometa nyuma, rezista inakua na mpaka unashuka hadi karibu hezi 7, hivyo besi inarudi yote huku mkwaruzo ukipungua. Ndiyo sababu pedali hii inasikika nene ikiwa imepunguzwa, na inasikika nyembamba na kali ikiwa imefunguliwa. Jambo hilo lote linatokana na kapasita moja.

Na kwako wewe unayepiga dansi, naona hilo ni jambo la kheri. Solo ya sebene inachezwa juu, mara nyingi kuanzia kipande cha 12 kwenda mbele, wakati gitaa la rhythm na la besi wameshika chini. Pedali inayokuza besi yote kwa nguvu ileile itafanya mkwaruzo wako uingie katika eneo la wenzako, na wasikilizaji watasikia mvurugo badala ya noti. Mpaka wa hezi 720 unakuacha mahali pako. Ukitaka unene zaidi, weka nanofaradi 100, ile 104 ya kijani uliyoiona dukani: mpaka utashuka hadi hezi 339 na E ya chini itakuzwa karibu mara 50. Ukiweka 220 utafika hezi 154, na hapo nyuzi mbili zikipigwa pamoja zinaanza kuchafuana.

Kama unataka 47 yenyewe na haipatikani, chukua 223 mbili uziunge sambamba, mguu kwa mguu. Kapasita zilizo sambamba hujumlishwa, utapata nanofaradi 44, na mpaka utakuwa hezi 770. Tofauti ya hezi 50 hapo ni ndogo kuliko tofauti ambayo kiwanda chenyewe kinaruhusu: kapasita ya 47 yenye herufi K, ambayo ni asilimia 10 juu au chini, inaweza kukupa mpaka popote kati ya hezi 655 na 800, na bado ikahesabika kuwa nzima.

Ya pili inayoamua sauti ni nanofaradi 1 iliyo sambamba na daiodi. Inakutana na rezista ya kiloomu 10, na mpaka wake uko kilohezi 16, juu mno kwa spika ya gitaa ambayo kwa kawaida huanza kuishiwa nguvu kwenye kilohezi 5 hivi. Kwa hiyo, ilivyo kwenye mchoro, haifanyi mengi, hasa kwa sababu 741 yenyewe ni aisi ya zamani isiyo na kasi, na ikikuza mara 214 inaanza kupoteza nguvu kwenye kilohezi 4.7. Lakini ukija kuibadilisha kwa aisi yenye kasi zaidi, utasikia mkwaruzo umekuwa na makali yanayochoma sikio. Dawa yake ni kuweka nanofaradi 2.2, ambayo mpaka wake ni kilohezi 7.2, au 4.7, ambayo itakushusha hadi kilohezi 3.4. Mimi napenda 2.2. Ile nanofaradi 1 nyingine, ya mlangoni, kazi yake ni kuzuia mawimbi ya redio yasiingie na waya wa gitaa, nayo usiiguse.

Kuhusu mwenzako na kapasita za Ulaya, namheshimu lakini sikubaliani naye. Ukipima kapasita mbili za plastiki zikawa na thamani moja, moja ya bei ndogo na moja ya bei kubwa, katika saketi ya volti 9 inayopasua sauti kwa makusudi hakuna sikio litakalozitenganisha. Fedha hiyo nunulia swichi imara ya mguu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoharibika jukwaani.

---

MwalimuSaketi, Mombasa, amejibu:

Nimefurahi kusoma maelezo ya ndugu FundiNyuzi, na hesabu zake ni sahihi. Ninaongeza upande wa aina, kwa sababu muulizaji aliuliza hasa kuhusu ile 473Z, na ushauri wa muuzaji una kasoro ambayo ingemsumbua.

Tarakimu tatu husomwa hivi: mbili za kwanza ni namba, ya tatu ni idadi ya sufuri, na jibu ni pikofaradi. Basi 473 ni pikofaradi 47,000, ambazo ni nanofaradi 47. Herufi inayofuata ndiyo inayosema ukweli wa kapasita. J ni asilimia 5, K ni asilimia 10, M ni asilimia 20, na Z ni asilimia 80 juu na 20 chini. Fanya hesabu ya mwenzangu kwa Z utaona kwamba mpaka wako wa hezi 720 unaweza kuwa hezi 400 au hezi 900 bila kujua ni upi. Zaidi ya hayo, seramiki za kundi hilo hubadilika sana kwa joto, na thamani yake hupungua zikibebeshwa umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri. Kapasita hii hasa inabeba volti 4.5 muda wote pedali ikiwa imewashwa.

Kuna kasoro nyingine ambayo mpiga muziki ataisikia kabla ya kuipima. Seramiki zenye thamani kubwa katika umbo dogo hutengenezwa kwa madini ya bariamu na titani, na madini hayo yakitikiswa hutoa umeme kidogo. Washa pedali, fungua potenshiometa yote, kisha gonga kapasita hiyo taratibu kwa kijiti kikavu cha mshikaki: spika itajibu kwa mlio wa kugongwa, kana kwamba umegonga kipaza sauti. Pale ambapo aisi inakuza mara zaidi ya 200, kila unapokanyaga ubao wa jukwaa unaweza kusikika. Ifanyie ya plastiki jaribio hilohilo na utapata ukimya.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba seramiki yote ni mbaya. Ile iliyoandikwa C0G au NP0 ni tulivu kuliko hata plastiki, haibadiliki kwa joto wala haipigi kelele ikigongwa, na inapatikana kwa urahisi katika thamani ndogo. Kwa hiyo nanofaradi 1 zote mbili ziwe C0G ukizipata, na 10 na 47 ziwe za plastiki. Za kijani ulizoziona ni za poliesta na zinafaa kabisa. Ukikuta zimeandikwa 2A473J, basi 2A ni volti 100, 473 umekwisha kuijua, na J ni asilimia 5.

Volti zilizoandikwa ni kikomo cha usalama tu, hazina sauti. Kwa betri ya volti 9, chagua elektroliti ya volti 16 au zaidi, na mimi hupendelea 25, kwa sababu adapta isiyo na kidhibiti iliyoandikwa 9 inaweza kutoa 12 au 13 ikiwa haina mzigo mkubwa. Ukinunua plastiki za volti 400 zitafanya kazi, lakini ni nene, na sanduku la pedali halina nafasi ya kupoteza.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni kuvuja. Usiweke elektroliti mahali pa 47 hata kama siku moja utataka thamani kubwa pale. Elektroliti zote huvuja umeme kidogo, na katika saketi hii rezista ya mrejesho, ile inayorudisha sauti kutoka mguu wa kutokea wa aisi hadi mguu wake wa pili, ni megaomu 1, kwa hiyo uvujaji wa mikroampea 1 tu unasogeza umeme wa kutokea kwa volti 1 nzima, na sauti inaanza kukatika upande mmoja kabla ya mwingine. Kwa sababu hiyohiyo, pale kwenye rezista mbili za kugawa umeme, ambazo nazo ni za megaomu 1 kila moja, ama tafuta mikrofaradi 1 ya plastiki, ama badilisha rezista zote mbili ziwe kiloomu 100 na uweke elektroliti ya mikrofaradi 10. Njia hiyo ya pili ni rahisi zaidi kwako, maana vipande vyake havikosekani dukani.

---

SoloMorogoro ameandika:

Nawashukuru sana, Mwalimu na kaka FundiNyuzi. Nimeelewa kwamba nitaziunga 223 mbili sambamba na kuiacha ile ya Z. Nina maswali mawili ya nyongeza. Kwanza, nyumbani kuna televisheni ya zamani ya kioo kinene iliyokufa, yenye kapasita nyingi za plastiki ndani yake; je, ninaweza kuzitumia? Pili, mpiga besi wetu ameona mchoro na anataka niitengenezee besi yake pedali ya pili. Je, nibadilishe nini?

---

Mzee wa Redio, Tanga, amejibu:

Mwanangu, televisheni hiyo usiifungue peke yako. Nimetengeneza redio na televisheni tangu enzi za valvu, na ninakuambia hivi kwa sababu ninakujali: kapasita kubwa ya mtungi iliyo karibu na waya wa umeme hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na umeme huo baada ya kuchomoa plagi. Kioo chenyewe hubaki na maelfu ya volti. Mpelekee fundi anayeijua kazi hiyo, naye atatoa umeme uliobaki kwa njia ya rezista, kisha atakung'olea kapasita unazotaka.

Za plastiki zilizong'olewa hudumu miaka mingi na huwa nzima. Zipime kwa mita yenye kipimo cha kapasita, usitegemee maandishi pekee. Za mtungi usizichukue. Maji yake ya ndani hukauka kwa joto, thamani hushuka, na juu ikivimba au chini ikiwa na ukoko wa kahawia ujue imekufa. Elektroliti mpya ni bei ndogo kuliko risasi utakayoichomea.

---

SoloMorogoro ameandika:

Shikamoo mzee. Nimesikia, na televisheni nitampelekea fundi.

---

BesiNzito, Dodoma, amejibu:

Marahaba ya mzee itakuja, wacha mimi nijibu la besi, kwa kuwa ndicho chombo changu.

E ya chini ya gitaa la besi ni hezi 41, na besi ya nyuzi tano inashuka hadi hezi 31. Kapasita ya kuingilia ya nanofaradi 10 bado inatosha kwa sababu mpaka wake ni hezi 16, ingawa 22 inatoa nafasi nzuri zaidi. Ile ya kutokea iache mikrofaradi 1. Badiliko la kweli liko kwenye 47: weka nanofaradi 470 ya plastiki, yenye maandishi 474, na mpaka utashuka hadi hezi 72 potenshiometa ikiwa imefunguliwa yote. Sishauri kwenda mikrofaradi 1 pale, kwa sababu besi nene ikipita yote kwenye daiodi inazishika daiodi hizo muda wote, na noti za juu za mpigaji zinamezwa. Nanofaradi 220 pia ni chaguo zuri kwa mtu anayepiga karibu na daraja la gitaa.

Halafu kuna kapasita ambazo hazipo kwenye mchoro wa zamani na ambazo nakuomba uziongeze katika pedali zote mbili, kwa kuwa bendi nyingi sasa zinatumia adapta badala ya betri. Weka rezista ya omu 100 kwenye waya wa chanya unaoingia, na baada yake elektroliti ya mikrofaradi 100 ya volti 25 kwenda ethi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na adapta ya kawaida huacha mvumo wa hezi 100. Vipande hivyo viwili vina mpaka wa hezi 16, na mvumo huo utapungua hadi karibu moja ya sita. Kisha weka seramiki ya 104 karibu kabisa na miguu ya umeme ya aisi, mguu wa 7 na wa 4. Hapo seramiki ya herufi yoyote inafaa, hata Z, kwa sababu sauti haipiti hapo.

Mwisho, ukikanyaga swichi ukasikia mlio mkubwa kwenye spika, ongeza rezista ya megaomu 2.2 kutoka soketi ya kuingilia hadi ethi, kabla ya kapasita ya kwanza, ili upande ule wa kapasita usibaki ukielea pedali ikiwa imezimwa. Mlio ukiendelea hata baada ya hapo, basi kapasita ya kuingilia inavuja, na uitoe uweke nyingine ya plastiki kabla hujafunga sanduku.